Nilikwenda Kibua Kumsaidia Neema Kuongea

Nilikwenda Kibua kwa sababu Neema alikataa kwenda peke yake. Amejifunza Kiingereza kwangu hapa Bihambwe, na anakijua, lakini muulize neno mbele ya watu, atanitazama mimi kwanza. Wote hunitazama. Kwetu mwanafunzi hatangulii kusema mwalimu wake akiwepo, na heshima hiyo imenichosha kuliko chaki. Sasa kituo cha afya cha Kibua kilitafuta wa kumtafsiria daktari mgeni aliyejua Kiingereza tu, na daktari mwenyewe ndiye angempima Neema lugha. Akishindwa, kazi ingekwenda kwa mtu wa Goma.

"Mwalimu, twende wote," alisema. "Nikikwama utanisaidia."

Tulitoka na mvua, wawili nyuma ya dereva mmoja wa pikipiki. Kupita Masisi njia ikawa tope tupu: shuka, sukuma, panda, shuka tena. Nikajaribu kumzoeza. Nilimuuliza kwa Kiingereza amelalaje. Akageuka aone usoni mwangu kama jibu ni sawa kabla hajalitoa, pikipiki ikayumba, dereva akatugombeza wote wawili. Nikaacha maswali. Mgongo ulikuwa unawaka.

Nyabiondo tulilala kwa shemeji yake Neema. Yaani yeye alilala. Mimi nilihamishahamisha mkeka kukwepa paa linalovuja.

Kibua tuliingia mchana. Mama Riziki, muuguzi aliyetupokea, alisema hakuna kumwona daktari kabla ya kula. Akatuwekea wali na sombe, majani ya muhogo yaliyojaa mawese, nami nikala bila aibu. Ndipo tukaingia. Nikapewa benchi ukutani. Daktari akauliza swali la kwanza, Neema akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidevu: jibu wewe. Akanitazama tena. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Usingizi ulinichukua nimekaa.

Nilipozinduka, mama mmoja mjamzito alikuwa mbele yao anaeleza maumivu yake, na Neema anayapeleka kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha kuchechemea, jamani. Akikosa neno alishika kiuno chake mwenyewe, akatafuta lingine, akaendelea. Nilikuwa macho kabisa, na hakugeuka kwangu hata mara moja. Mwisho daktari akamuuliza ataanza lini.

Neema alibaki Kibua. Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, nikamwomba radhi: nimetoka Bihambwe kuja kumsaidia, nikamwachia mkoromo. Akacheka.

"Hapana, Mwalimu. Nilikuangalia, nikaona unalala. Daktari iko anasema na nguvu. Ndio nikamuambia apunguze sauti, juu mwalimu wangu alichoka."

Nikamuuliza alimwambia kwa lugha gani.

"Kwa Kiingereza. Angesikia nini ingine?"

Tope la kurudi lilikuwa lile lile, na mgongo pia. Siku hizi nikishauliza swali darasani, natoka nje.