Masere na Mtoto wa Kapita

Kwa miaka sita nilifundisha uongo kuhusu Ufilipino, tena kwa sauti ya juu. Wakati huo sikujua kuwa ni uongo. Nafundisha historia katika shule moja ya sekondari pale Kasongo, mashariki mwa Kongo, na kitabu changu kilikuwa kimeponea mvua, panya na mchwa, ila wauza karanga walikishinda. Kurasa karibu zote za sura ya Asia zilikuwa zimekwenda kufungia karanga. Kuhusu visiwa vile ilibaki aya moja tu, nayo ilisema Wahispania walipofika waliwakuta watu waliotawanyika, wasio na serikali. Basi mwaka hadi mwaka nilisimama mbele ya ubao nikawaambia wanafunzi, "Andikeni. Hawakuwa na serikali." Wakaandika.

Mwaka mmoja parokia ilipokea masere mpya, mtawa muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mfupi mwepesi wa kucheka. Kila Alhamisi alikuja shuleni kufundisha huduma ya kwanza. Tulijua ametoka Asia, basi. Watoto wa njiani walimwita Mchina, naye alikwishachoka kuwasahihisha. Kiswahili alijifunza kwa akina mama wa sokoni, na alikisema vizuri, ila mara nyingine f na p zilimpotea: fimbo ilikuwa pimbo, na pilipili ilikuwa filifili.

Alhamisi moja aliingia kuazima chaki akanikuta nimefika penye aya yangu. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

"Samahani, mwalimu. Hao watu hawakuwa na serikali, ni watu wa wapi?"

"Wa Ufilipino, masere."

"Ah," akasema. "Basi ni bibi zangu unasema."

Darasa likavunjika mbavu. Mimi nilitamani sakafu inimeze, na sakafu yetu ina mashimo ya kutosha. Nilichoweza kufanya ni kumpa chaki, nikaenda kukaa kwenye dawati la nyuma kama mwanafunzi.

Alichora mtumbwi. Akatuambia kwamba mababu zake walifika visiwani kwa mitumbwi mikubwa, ukoo mmoja mtumbwi mmoja, na mtumbwi waliuita barangay. Waliposhuka wakajenga, kijiji nacho wakakiita barangay. Aliyeongoza aliitwa datu. Yeye alikata kesi, aligawa mashamba, aliongoza vita, na watu wake walimlimia na kumjengea.

Msichana mmoja kutoka Nyangwe, binti wa mvuvi, akainua mkono. "Masere, na kama ule datu, mutu wa nyuma ya mutumbwi, anaongoza mubaya, watu wanafanya nini?"

"Wanashuka. Wanaingia mutumbwi wa datu mwingine. Datu bila watu si kitu."

Mwingine akauliza kama wote walikuwa sawa. Masere akatikisa kichwa. Kulikuwa na wakubwa, kulikuwa na watu huru, na kulikuwa na watumwa. Baadhi ya watumwa walikaa kwenye nyumba zao wakaenda kwa bwana siku za kazi, wengine walilala chini ya paa la bwana. "Sitawapaka rangi nzuri watu wangu," alisema. Mji wetu wenyewe ulikuwa kituo cha biashara ya watumwa. Kasongo neno hilo halihitaji kamusi. Kisha akatuambia kuwa waganga na makuhani wengi walikuwa wanawake, na kwamba angezaliwa zamani hizo angekuwa mmoja wao, ila tusimwambie padiri. Kicheko kikarudi.

Alhamisi iliyofuata tuliamua kucheza serikali hiyo badala ya kuiandika. Tulipanga mabenchi kuwa mitumbwi minne, tukapata datu wanne. Mmoja alikuwa kijana mrefu aliyejichagua mwenyewe akaanza kutoa amri, na baada ya dakika chache mtumbwi wake ulibaki na mtu mmoja, naye alikuwa binamu yake. Binti wa Nyangwe aliwauliza watu wake wanataka nini, hata benchi lake likajaa, wengine wakakaa chini.

Kisha wakaja Wahispania, yaani mimi, kwa sababu nilikuwa na koti. Masere aligonga rimu ya gari iliyo kengele yetu ya shule akatangaza kwamba kuanzia leo wote watakaa karibu, mahali wanapoisikia kengele. Tukasukuma mabenchi yote kwenye kona moja. Nikawagawia majina mapya ya ukoo, yote yakianza na B, kwani masere alisema mjini kwao ndivyo yalivyogawanywa: yalitoka kwenye orodha ya serikali, na mji ukapata herufi yake. Mwisho tukawaambia wale datu wanne kwamba sasa wao ni wakuu wa barangay walioajiriwa na mfalme wa mbali. Kufagia uwanja hawatafagia. Lakini watu wao wasipofagia, wao watafagia uwanja mzima peke yao.

"Kumbe ni salongo!" mtu akapaza sauti, maana ndivyo tunavyoita kazi za umma za lazima, zisizo na malipo.

"Salongo ya siku makumi ine kwa mwaka," masere akajibu. "Wanakata miti ya kutengeneza meli za mupalme."

Tukatoka na mafagio, na hatukufika hata robo saa. Binti wa Nyangwe, yule aliyewauliza watu wake wanataka nini, alikuwa uwanjani amemshika rafiki yake sikio akimvuta kwenye ufagio. Ghafla akaachia. Akautazama mkono wake.

"Mwalimu, minageuka nini?"

"Umegeuka kapita!" akasema mmoja, na wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Kapita, wakati wa Wabelgiji, alikuwa Mwafrika aliyewekwa na wazungu juu ya kijiji. Alihakikisha pamba imelimwa, barabara imetengenezwa na kodi imetoka. Baba wa mama yangu alikuwa kapita upande wa Kabambare. Nyumbani hatukulisema neno hilo. Mama alisema "baba alikuwa na kazi ya serikali," halafu akauliza kama maharage yameiva.

Nilimwambia masere mchana huo, akinawa vumbi la chaki. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu alitoka mbali.

"Kwetu pia," alisema. "Babu wa babu yangu alikuwa mukuu wa barangay. Familia inajivuna: nyumba ya mbao, kiti cha mbele kanisani. Lakini shangazi yangu aliniambia ingine. Watu wakikimbia kengele, wakienda milimani, ni yeye alitumwa kuwarudisha."

"Alikwenda?"

"Alikwenda. Alijua njia." Akakung'uta mikono. "Kuna mutu kwenu anakumbuka huyo babu?"

Alikuwepo mmoja, mjomba wangu, kaka wa mama. Likizo ilipofika, masere alikuwa na kazi ya chanjo huko Kabambare, tukaondoka pamoja kwa pikipiki mbili. Ile njia wenye kuijua hawahitaji kuelezwa. Nilianguka mara mbili, masere hata mara moja, na motari wake, yaani dereva wa pikipiki, alimsifu mpaka nikakasirika. Njiani, pale Lusangi, tulikula wali na wachimbaji wa dhahabu, wakamuuliza anachimba shimo gani. Akawajibu kwamba anachimba matakoni mwa watoto kwa sindano.

Mjomba ana zaidi ya miaka themanini, kofia haimtoki kichwani, na anafuga bata. Nilikuwa nimemwandaa masere kwa mzee mgumu. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Masere, kwenu bata wako?" Saa nzima ikapita kwa bata. Masere alipomwambia kwamba kwao watu hula yai la bata lililochemshwa, kifaranga kikiwa tayari ndani, mjomba alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Akawaambia bata wake wamshukuru Mungu kwa kuzaliwa Kabambare.

Masere akasubiri kicheko kiishe, akamhadithia juu ya babu wa babu yake, kengele, milima, na kuwarudisha watu. Mjomba akamgeukia.

"Kwa nini unaniambia hii?"

"Sababu kwetu hawataki kusikia, baba."

Mjomba aliinuka akaenda kuwatupia bata pumba, ingawa walikuwa wamekwisha kula. Aliporudi hakukaa.

"Baba yangu alikuwa na fimbo ya ngozi, nyuma ya mulango," alisema. "Watu walichoka na pamba, wakakimbia porini. Mara ya kwanza muzungu aliuliza wako wapi. Baba akasema hajui. Wakamulaza yeye chini, wakamupiga mbele yetu sisi watoto. Mara ya pili wakauliza tena." Akavuta kofia. "Akasema. Wakawaleta, na wakamwambia awapige yeye mwenyewe. Akawapiga."

Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa ua wa mihogo. "Aliyepigwa zaidi ni baba ya ule mama jirani."

Huyo mama nilimjua tangu utoto. Nyumba zao zinatazamana, na sikumbuki safari hata moja ya Kabambare ambayo sikula sombe lake, mboga ya majani ya mihogo. Huja na sahani, huiweka mezani kwa mjomba, huondoka.

"Mumewahi kusema naye?" niliuliza.

"Kusema nini?"

Masere hakumsukuma. Mimi ningemsukuma. Asubuhi yake, chai haijapoa, mjomba alichukua fimbo yake ya kutembelea akavuka ua. Tulimfuata bila kuitwa. Mama jirani alikuwa akitwanga.

"Dada," mjomba alisema, "baba yangu alimupiga baba yako."

Mchi ulipanda na kushuka mara tatu au nne kabla haujasimama.

"Ninajua. Nilikuwa pale."

"Na unaniletea sombe miaka hii yote?"

"Sombe ni ya wewe, haikuwa ya baba yako. Wewe ulikuwa mutoto, ulilia kuliko mimi." Akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Ile fimbo iko wapi?"

"Niliichoma. Siku tulimuzika."

Hapo ndipo alipokasirika, na alikasirika kweli. "Uliichoma peke yako? Ungeniita nione!"

Mjomba alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mstari mweupe pale inapokaa. Alisema pole, akarudia mara ya pili. Mama jirani alimwacha amalize. Halafu akamsukumia mchi.

"Twanga basi. Mukono imechoka."

Mjomba hakuwahi kutwanga maishani mwake. Majani yaliruka mpaka miguuni pa masere. Mama jirani alianza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, kisha akaleta viti na kuanza kuhesabu kwa vidole waliojificha porini wakati ule: baba yake, wake wawili wa baba yake mdogo, fundi wa ngoma, kijana aliyekuwa ameoa juzi. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Mjomba alitwanga na kusikiliza. Alikumbuka wawili ambao mama jirani alikuwa amewasahau.

Tuliporudi Kasongo nilikwenda kwanza kwa mama yangu. Nilimsimulia yote huku nikitazama sakafu. Nilitegemea aniulize kama maharage yameiva. Badala yake aliuliza kama yule jirani bado ana meno, kwani walicheza pamoja wakiwa wadogo, kabla mama hajakatazwa kwenda kwa jirani. Wiki ile ile alifunga nguo kwenye kitenge. Kwa mara ya kwanza maishani alipanda pikipiki, akamshika motari kiuno kwa mikono yote miwili, akaenda Kabambare. Alikaa mwezi mzima.