Namsomea Mwalimu Aliyefuta Jina Langu

Ficheni jina langu, maana nikijulikana nitafukuzwa hapa ninapolala. Nina miaka arobaini na moja, kwetu ni Kitui, na huu ni mwaka wa sita nakata mawe ya kujengea huku Kwale. Mgongo umekwisha.

Nimepanga chumba kwa mzee mmoja wa kwetu aliyehamia huku Shimba Hills alipostaafu. Siku ya kwanza nilimtambua kwa sauti. Alikuwa mwalimu mkuu wetu. Yeye hakunitambua, macho yake hayaoni tena, na jina nililompa si lile la shuleni.

Ndiye aliyenifundisha kusoma, sikatai. Wauguzi na mahakimu wametoka mikononi mwake, na hapa watu wakigombania mpaka wa shamba huja kwake kwanza. Lakini nilipofika darasa la nane alifuta jina langu kwenye orodha ya mtihani. "Utatushushia wastani," aliniambia mbele ya wenzangu. "Mkono huu ni wa sururu." Wakacheka. Shule ikaongoza wilaya, mimi nikashika sururu.

Sasa kila nikitoka machimboni na vumbi langu, huniita nimsomee simu yake. Binti yake, tumwite Mwende, aliolewa na Mwislamu wa Kinondo. Mzee akamwambia amekwisha kumzika, na kila alipopiga akamkatia. Siku hizi binti huandika tu.

"Kijana, kuna neno la Mwende?"

"Hakuna, mwalimu."

Lipo. Tangu Ramadhani nimeficha jumbe zake kumi na moja. Anaomba msamaha, anaomba kumleta mjukuu. Juzi mzee alisema, "Basi na yeye amenizika," akalia kama mtoto. Nilisikia utamu moyoni. Utamu huo ndio unaonitisha.

Leo binti ameandika: "Baba, kesho nitakuwa stendi ya Kwale na mtoto. Usipotuma mtu kutupokea, sitakusumbua tena." Nikausoma kimya, kisha nikamsomea mzee Zaburi.

"Unasoma vizuri," akasema. "Mwalimu wako ni nani?"

"Alikufa."

"Mungu amrehemu. Alifanya kazi nzuri."

Nikimsomea ujumbe huu atajua nimeficha nyingine, ataniuliza sababu, na itabidi nimtajie jina langu. Nikinyamaza, yule dada atarudi Kinondo na mtoto mgongoni, naye hajanikosea lolote.

Nitukaneni mkitaka, lakini mnijibu kabla hakujakucha: nimsomee, au niufute kama alivyonifuta mimi?