Mgonjwa Hapandiwi Ndege

Baba alifariki Jumatatu asubuhi, kabla hajamaliza uji wake. Mimi sikulia. Nilifunga kizibo cha chupa ya dawa, nikaosha kikombe, kisha nikampigia simu baba mdogo nikamwambia aje tu. Watu walipoanza kujaa nyumbani kwetu Kamachumu, walinikuta nahangaika kutafuta ufunguo wa stoo, maana masufuria makubwa yalikuwa humo. Kila aliyenikumbatia nilimwuliza kama anajua baba alikuwa akiuweka wapi. Shangazi alinitazama akasema, "Huyu bado hajafiwa." Alisema kweli. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, na ufunguo ule ndio ulikuwa shida pekee niliyoweza kuielewa.

Mama hakuwepo. Alikuwa Dar es Salaam kwa mdogo wangu, ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja na anasubiri upande wa pili. Mimi nafundisha sekondari Bukoba mjini, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa nilikuwa nimepanda Kamachumu kumtunza baba hadi mama arudi. Tulijua baba ni mzee. Hatukujua kama ana haraka.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Atasafiri na hofu yake, atafika, ataketishwa, watakaa watu wa kumshika mikono kulia na kushoto, ndipo mkubwa wa ukoo atasema. Anayemwaga habari kabla ya hapo ataitwa katili mpaka kaburini. Kwa hiyo tulimwambia mama kwamba Tata, kama tunavyomwita baba, amezidiwa, na tukamkatia tiketi ya ndege ya Jumanne.

Ilikuwa imebaki nafasi moja tu. Mdogo wangu na mkewe walipaswa kuja kwa gari, safari ambayo mgongo wa mama na jicho lile jipya visingeiweza. Lakini wangemwambiaje mama kwamba nyumba nzima inahamia Kamachumu kwa sababu ya homa? Mdogo wangu akamwambia wamealikwa harusi Morogoro. Baba yuko mahututi, mwana anakwenda harusini, na siku yenyewe Jumatatu! Uongo haujawahi kuwa kipaji chake. Nilipomwuliza mama alijibuje, akasema mama alimtakia safari njema tu na kumwambia asisahau kufunga dirisha la jikoni.

Jumanne jirani wa mdogo wangu, ambaye mama alilala kwake, alimpeleka uwanjani, akamkabidhi kwa wahudumu. Mimi nilishuka Bukoba kumpokea.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika na kuacha wingu zito limelalia ziwa. Tulisimama nje ya uwanja, sisi wenye wageni, pamoja na madereva wa teksi. Korongo walikuwa wamejikunyata juu ya mti, wachafu na wenye kiburi kama kawaida yao. Tulisikia ngurumo ya ndege mawinguni. Ikazunguka. Ikazunguka tena, ikasikika karibu kabisa, halafu ikaenda zake. Dereva mmoja akasema, "Hiyo imerudi Mwanza." Akasema tu, kama anavyosema kila mwezi wa mvua.

Nilikaa kwenye benchi. Ningependa kusema nilishtuka, lakini sikushtuka. Niliangalia viatu vyangu vilivyojaa tope, nikawaza kwamba mama yangu, aliyekuwa amepanda ndege mara moja tu kabla ya siku hiyo, tena akiwa ameshikwa mkono, sasa yuko peke yake katika uwanja asioujua, ana jicho moja zima, na ni mjane asiyejua kuwa ni mjane. Niliwaza hayo yote taratibu, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililouma.

Baba mdogo alipiga simu kabla ya mama. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa msiba, na tangu aliposikia habari sauti yake ilikuwa ya mtu anayehutubia.

"Amefika?"

"Ndege imerudi Mwanza."

"Mwanangu, kesho saa nane tunazika. Padre ameshapanga. Kaburi tumelichimba na mvua ni hii unayoiona, tutamzika kaka yangu katika maji?"

"Na mama?"

"Mjane akiwahi, Mungu asifiwe. Asipowahi tutazika." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo si ya hotuba, akasema, "Mfanye awahi, tafadhali."

Ndipo mama akapiga. Ana simu ndogo ya batani na huongea nayo kwa nguvu, kama aliye ng'ambo ya kibanja cha migomba.

"Wanasema Bukoba kuna mawingu," alisema. "Tumeshushwa Mwanza."

"Nimesikia, Mae. Pole. Umekula?"

"Wametupa soda. Sasa sikiliza. Wanasema labda kesho, labda kesho kutwa. Anayetaka kurudi Dar, kuna ndege jioni. Nimeona nirudi."

"Urudi wapi?"

"Dar. Nitakuja wiki ijayo mawingu yakiisha. Tata naye atakuwa amepata nafuu."

Lilikuwa neno la busara kabisa. Kama kweli baba angekuwa mgonjwa ningemwambia ndiyo, Mae, rudi upumzike. Huko Dar nyumba ilikuwa imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mdogo wangu, huenda amekwishapita Singida. Lakini si hilo lililonikaba. Akirudi, kesho saa nane mume wake angeingia ardhini yeye akiwa mlangoni kwa watu anabisha hodi.

"Mae, usirudi," nikasema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ningemwambia. Watu wa mjini hunicheka nikiwasimulia. Kwa nini hukusema tu? Nimwambie nani? Bibi mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wageni, bila ndugu, bila wa kumshika akianguka? Huwezi kumwangushia mtu kitu kama hicho halafu ukakata simu.

"Anakuulizia," nikasema.

Nikasikia tangazo la safari nyingine nyuma yake.

"Anasemaje?"

"Anasema uje."

Nilisikia akifunga zipu ya mkoba. "Basi," akasema. "Kama ameniita."

Nikamwambia ampe simu mtu yeyote wa karibu anayekuja huku kwetu. Nilisikia akizungumza Kihaya na mtu, wakaulizana ukoo na parokia, kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima aliyesema anatoka Izigo, alikuwa anarudi kutoka kumwona mwanawe aliyejifungua. Nikamwomba asogee pembeni kidogo.

"Waitu, mama, huyo bibi uliye naye, mume wake amefariki jana. Hajui. Tunazika kesho saa nane."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mwenyewe. Tangu Jumatatu wengine ndio walikuwa wakisema, mimi nikiitikia. Nilijisikiliza nikilisema na sauti ilikuwa shwari, kama ninayeita majina darasani.

"Pole, bojo," akasema yule mama. "Nami kwa baba yangu nilidanganywa hivihivi. Mwachie kwangu. Dada yangu anakaa hapa Mwanza, atalala nasi, asubuhi tutapanda basi la kwanza. Ndege zenu hizo zina deko."

"Usimwambie."

"Mimi ni Mhaya," akajibu, kama nimemtukana.

Nikarudi Kamachumu. Watu walikuwa wametandaza nyasi sebuleni na kufunga turubai uani. Kulikuwa na ndizi zinamenywa, na moshi, na wanaume wanaobishana kuhusu mahali pa kuegesha gari la jeneza. Usiku wa manane mdogo wangu alifika na mkewe wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, akanikumbatia akilia kwa sauti. Nilimpigapiga mgongoni. Nilimwonea wivu, nakiri, jinsi machozi yalivyokuwa yakimtoka bila taabu.

Jumatano jeneza lilifika nyumbani mapema. Mimi nilimwachia mdogo wangu wageni, nikashuka Muleba na gari la jirani kusubiri basi. Stendi ilikuwa na shughuli zake. Mwanamke mmoja aliuza karanga, kijana alipiga debe akiita abiria wa Bukoba, na mabasi yaliyopita yalikuwa ya kwingine. Saa sita ikapita. Baba mdogo akapiga simu, nikamwambia bado. Akapiga tena, sikupokea.

Basi lilipoingia nilimwona mama kabla halijasimama. Alikuwa dirishani, miwani myeusi ya hospitali usoni. Alishuka akiwa ameshikwa kiwiko na mama wa Izigo, na alipokanyaga chini nikaona kuwa amejifunga kitenge kiunoni, kimekazwa kwa fundo, kama wanavyojifunga wanawake wanaoingia msibani.

Nilimwamkia. Aliitikia vizuri, akanishika shavu, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Nikamgeukia mama wa Izigo na hasira zangu zote za siku tatu.

"Umemwambia!"

"Sijamwambia." Kondakta alikuwa akimpigia kelele apande, basi linaondoka. Alinivuta karibu. "Ni yeye aliyeniambia mimi. Jana, kabla hata hatujatoka uwanjani. Alisema, 'Mume wangu amefariki. Mtu akiugua watoto wangu huniletea nauli ya basi. Mgonjwa hapandiwi ndege.' Akasema, 'Wanangu wananificha kwa heshima, basi nawe usiwaharibie.'"

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mgonjwa atapona. Ningesemaje?" Akapanda, mlango ukafungwa.

Ndani ya gari mama alikuwa amekaa siti ya nyuma, mkoba magotini. Nikakaa pembeni yake. Sikujua sasa tunasema lipi. Tulipanda kuelekea Kamachumu, migomba huku na huku inameta kwa mvua ya jana.

"Mae," nikasema mwishowe, "Tata amezidiwa."

"Ndiyo," akasema mama.

Akafungua mkoba, akatoa kifurushi kidogo cha majani ya mgomba makavu, akanitilia kiganjani akamwani, punje chache za kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni. Alikuwa amesafiri nazo kwenda Dar na kurudi.

"Tafuna. Hujala tangu lini?"

Nikatafuna. Zilikuwa chungu, halafu zikawa na ule utamu wake wa nyuma. Sikuwa nimesikia ladha ya kitu tangu Jumatatu.

Tulipofika, wanawake walikuja kumpokea getini bila kulia, wamezibana kanga midomoni. Turubai lilionekana. Magari yalionekana. Padre alikuwa amekwishavaa. Mama alipita katikati ya vyote hivyo na miwani yake, hakugeuza kichwa, akaketi kwenye mkeka alioonyeshwa. Shangazi akamshika mkono mmoja, mimi nikashika wa pili. Baba mdogo akaja, akachuchumaa mbele yake. Yule mhutubiaji alikuwa ameishiwa sauti.

"Shemeji," akasema. "Mgonjwa wetu tulimhangaikia. Lakini Mungu amempenda kutuzidi."

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alimpa muda wa kumaliza, hakumkatiza, hakuitikia kwa kichwa. Kisha mkono niliokuwa nimeushika ukanibana, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nyumba nzima ikaitikia. Mimi niliyejua kwamba anajua, nililia kama ndiyo kwanza naambiwa. Nililia hadi nikalala ubavu juu ya nyasi. Shangazi aliniinua akisema, haya, sasa umefiwa.

Tulizika saa nane na kitu, na kaburi lilikuwa na maji kidogo tu. Mama alitupa udongo wa kwanza.

Jioni, watu walipopungua, nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba kwenye kigoda cha baba, anatazama migomba kwa jicho lake jipya. Nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Mae, ulijua tangu mwanzo."

"Tangu hiyo harusi ya Jumatatu."

Nikacheka, naye akacheka.

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulitaka kurudi Dar? Ungekosa kumzika."

Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akalikaza upya.

"Huko Dar," akasema, "baba yako alikuwa bado mgonjwa."