Mbuzi Waliokula Ishara

Kabla kambi ya Kakuma haijajaa, barabara ya kutoka Lodwar ilikuwa ya mbuzi. Magari yalipita moja moja, na ukiinua mkono tu, linasimama. Wakaja wakimbizi wa Sudan, wakaja Wasomali na malori yao, na barabara ikawa na lugha yake ambayo mama yangu hakuijua. Kisha wakaja majambazi. Tangu hapo, dereva akiona mkono juu anakanyaga mafuta.

Mimi nilisoma Lodwar, na likizo nilichunga na mama. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kimetubakizia mbuzi tisa. Siku moja mama alikuta matawi mabichi ya mgunga yametandazwa katikati ya lami. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya mama yaliona majani tu. Nilipomfikia, nikimburuta mbuzi mmoja kiguru, mbuzi walikuwa wameyala, vimebaki vijiti.

"Nani ameyakata haya?" nikamuuliza.

"Mungu," akasema, ameridhika kabisa.

Nikatazama mbele. Barabara inaposhuka kwenye mto mkavu kulikuwa na lori bovu, na miguu ya mtu imetokeza chini yake. Upande wa Lodwar lori lingine lilikuwa linanguruma.

"Mama, yale matawi yanaambia magari yapunguze mwendo! Kuna mtu chini ya gari!"

Nikakimbia nikipunga mikono yote miwili. Dereva aliniona, akaongeza mwendo. Nililia kwa hasira. Mama hakukimbia. Alipiga mluzi, akawaswaga mbuzi wake wote hadi katikati ya lami, akasimama nao.

Lori lilifunga breki likaenda upande. Dereva Msomali akashuka.

"Mama, wewe nataka kufa?"

Nikamwonyesha kule mtoni. Alishika kichwa.

Tukashuka sote. Mwenye lori bovu, mzee wa Kitale, akatoka uvunguni na grisi hadi kwenye nyusi. Mama akaniambia nimweleze. Nikaanza kuzunguka mbuyu: mzee, si unajua kiangazi, si unajua njaa... Mama hakujua Kiswahili, ila alinijua mimi.

"Mwambie ni mbuzi wangu. Mwambie ni mimi."

Nikamwambia, uso umeniwaka kwa aibu. Mzee aliwatazama wale mbuzi, akacheka mpaka akakaa mchangani.

"Ejok, mama," akasema. Ndiyo salamu pekee ya Kiturkana aliyokuwa nayo. "Lakini kazi bado. Mi narudi chini."

Mama akanikabidhi mbuzi niwapeleke nyumbani. Yeye akakata matawi mapya, akayapanga katikati ya lami, akakaa juani kando yake na fimbo. Alasiri nilimletea maji. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini aliusukuma mtungi.

"Mpelekee kwanza yule wa chini ya gari," akasema. "Kisha uje unifundishe ishara zingine zote."