Siku Tano za Ghislaine

Ukitaka kumuudhi Ghislaine Roumestan, mwambie akusaidie kukata kitunguu. Miaka ishirini na tatu sasa, kiwandani kando ya mto Rhône, Ufaransa, huingiza mikono katika glavu zilizofungwa kwenye sanduku la kioo, akikagua vidonge vyeusi vya fueli ya nyuklia, vidogo mfano wa punje za mahindi. Ndani yake mna plutoniamu iliyotolewa kwenye fueli iliyokwisha kutumika, ili irudi kwenye vinu vya nyuklia ikazalishe umeme tena. Na sheria ya chumba kile haina mjadala: ukiwa na jeraha mkononi, hata mkwaruzo, huingii, maana plutoniamu ikipenya damuni haitoki.

Ndiyo maana Krismasi wenzake hufungua chaza kwa visu, yeye anakula tu. Msimu wa zabibu, shambani kwa baba yake, huwapelekea wavunaji chakula, mkasi hagusi.

"Mwacheni malkia," baba yake, mzee Aimé, humpiga kijembe mbele ya watu. "Mikono ile ni mali ya kiwanda."

Ghislaine hucheka nao, lakini maneno hayo humchoma. Shamba analipenda, na zaidi ya shamba, anampenda mzee.

Mwaka huu zilibaki siku tano astaafu. Alikuwa amejiapiza kuzimaliza palepale kwenye kioo chake. Jumamosi, bega la mzee likagoma. Vibarua wameshaondoka, mvua inakuja kesho, na safu nne bado hazijavunwa. Ghislaine akavaa buti, akachukua mkasi. Mzee akamtazama asiamini macho yake.

Adhuhuri mkasi ukamkata kidole, tena vibaya.

"Bandika plasta," mzee akasema. "Jumatatu nani atajua?"

"Mimi, baba. Vijana wote pale mimi ndiye niliyewafundisha kusema wakijikata."

"Sasa watakupeleka wapi?"

"Ofisini, kwenye makaratasi. Hiki hakiponi kwa siku tano. Kwenye kioo sirudi tena."

Mzee akachukua chupa yake. Akamwosha kidole kwa maji yake ya kunywa, akakifunga kwa leso yake mwenyewe, taratibu.

"Na ulijua haya yanaweza kukukuta?"

"Tangu navaa buti."

"Mjinga wewe," akasema. "Yote hayo kwa zabibu?"

"Zabibu nani anazijali, baba."

Mzee akageukia mizabibu haraka, akaanza kutafuta mkasi wake, na mkasi umechomoza mfukoni mwake. Ghislaine akauona, akamwacha atafute.