Mbegu Nyekundu ya Bi Zuweina

Ukitaka kumchokoza Mzee Nasor wa Madungu, mwambie mbegu zote nyekundu ni moja. Atavua kofia, aiweke gotini, na hapo tena huna pa kukimbilia. Miaka thelathini na sita alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Hata leo, kastaafu na magoti yanamsumbua, akifika chini ya mti hatazami jani wala gome. Huinama, akapekua chini palipoanguka mbegu.

"Jani hukudanganya," husema. "Hubadilika kwa jua, kwa mvua, kwa mdudu. Mbegu haina maneno mengi."

Na kweli hashindwi. Mpe nyeusi yenye kofia ya rangi ya chungwa, atakwambia mbambakofi. Mpe yenye madoa ya hudhurungi, mbono hiyo. Ile ndogo nyekundu yenye doa jeusi ni macho ya tipitipi, na hapo atakuuliza kwa ukali kama umeiacha karibu na watoto, maana ina sumu. Na usimwoneshe komwe ukamwambia ni kete za bao. Wapo watu wazima wanacheza bao kutwa kwa komwe, na mkomwe wenyewe hata ukiwachoma miiba hawaujui! Hilo humuudhi kuliko yote.

Mbegu moja tu ndiyo iliyomkaa rohoni, na mti wake uko nyuma ya jiko lake mwenyewe.

Mti mrefu. Maganda yake hujisokota yakapasuka, na kila asubuhi chini hutapakaa mbegu nyekundu tupu, zinang'aa, hazina doa hata moja. Mtaa mzima huuita mlulu. Watoto huziokota wakatunga shanga, na mama zao huzichanganya na kokoto za kuchezea. Basi yakhe, jina hilo halipo. Kalitunga Mzee Nasor mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Alipopeleka posa kwa kina Zuweina, hakuwa na ruhusa ya kusema na binti. Zuweina akamtuma shangazi yake, Bi Kijakazi, na mbegu moja imefungwa kwenye pindo la leso. "Kamuulize huyo fundi wa miti, hii ni ya mti gani?"

Nasor aliigeuza, akainusa, akaigonga kwenye meno. Hakuijua. Akapanda baiskeli mpaka Micheweni kuuliza wazee. Wapi! Siku ya tatu Bi Kijakazi yuko mlangoni anataka jibu, na kijana jasho linamtoka. Akatoa la kwanza lililomjia mdomoni: "Mwambie ni mlulu."

Wiki haikuisha, posa ikakubaliwa. Mbegu ile waliipanda pamoja, mwezi wa kwanza wa ndoa, na Nasor akanyamaza miaka arobaini na miwili.

Mwezi uliopita akaja Mwalimu Nahla, na rangi na brashi na rundo la vibao. Alikuwa akiandika majina ya miti ya mtaani ili wanafunzi wake wajifunze.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Njoo tuzunguke."

Wakazunguka, yeye akiokota mbegu na kutaja, mwalimu akiandika, mpaka wakafika nyuma ya jiko. Bi Zuweina alikuwa anakuna nazi.

"Huo mlulu, andika," alisema, na uso wote ulimchangamka. "Kanambia mwenyewe Baba Hamzah kabla hajanioa."

"Alhamdulillahi!" Nahla alichovya brashi. "Jina lake la kitaalamu ninalo, la Kiswahili nilikosa wa kunipa. Sasa watoto watalisoma."

Mzee Nasor alivua kofia. Kumficha mke ni jambo lake na Mola wake, lakini watoto wa watu wafundishwe uongo wake? Na akisema, je? Mwanamke kakuzalia watano, kakuuguza presha, halafu umwambie jibu lililomleta nyumbani kwako ulilibuni? Alimpenda mno Zuweina, na aliogopa, waziwazi, kwamba kuanzia leo atamtazama kwa jicho jingine.

"Usiandike," alisema. "Mama Hamzah, nisamehe. Mti huu jina lake silijui. Sikulijua siku ile, na leo silijui. Mlulu nilitunga miye, kwa kuogopa kukukosa."

Bi Zuweina akaacha kukuna. Akamtazama. Kisha kicheko kikamshika mpaka nazi ikamponyoka mkononi.

"Lo! Miye nilijua tangu siku ile ile. Mbegu kaja nayo baba alipokuwa baharia, na yeye mwenyewe hakulijua jina lake. Nani Pemba hii angelijua?"

"Kumbe ulinitega!"

"Nilikuwa na posa mbili, bwana. Yule wa pili, Ridha, naye nilimpelekea mbegu. Akajibu pale pale mlangoni kwamba hajui, akairudisha. Mkweli, Mungu ampe kheri huko aliko. Weye ulikaa nayo siku tatu. Shangazi kanambia mpaka Micheweni ulikwenda, ukarudi na mavumbi mpaka kwenye kope, ukanitungia jina zuri. Nikasema, huyu nikimuomba kitu asicho nacho, atakitafuta. Akikikosa, atanitengenezea."

"Na miaka yote hii umeniacha naumia peke yangu?"

"Ulikuwa unaumia? Masikini! Miye nikidhani unajivunia."

Nahla alibaki na brashi hewani, rangi inadondoka kwenye kiatu. "Sasa niandike nini, bibi?"

"Andika mlulu," alisema Bi Zuweina. "Hilo la kitaalamu litie chini, kwa herufi ndogo."

 Mzee Nasor alikuwa ameuficha uso wake kwenye kofia, na mabega yanamtikisika kwa kicheko.