Dari ya Gari la Baba Mkubwa

Ukifungua mlango wa gari lililonyeshewa jana na kushinda juani leo, kuna harufu inayokupokea kabla hujakaa: kitambaa kibichi, sponji iliyochoka, na vumbi letu jekundu lililogeuka tope. Wengine hushusha vioo upesi. Mimi ikinifika puani narudi Mkunya, kijijini kwetu, niko darasa la nne, nimelala chali kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo jeupe ambalo wala halikuwa letu, naitazama dari yake. Gari lilikuwa la Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mkazi wa Masasi mjini. Alilileta mwenyewe mwanzoni mwa masika, Bibi alipovunjika mguu na kutakiwa kupelekwa hospitali Newala mara kwa mara. Alimsalimia mama yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamkabidhi Baba ufunguo, akapanda basi kurudi kwake. Hata maji ya kunywa aliyakataa.

Kuyakataa yale maji kulikuwa na sababu yake. Tangu arobaini ya Babu, ndugu hawa wawili hawakuwa wamekula sahani moja. Waligombea mikorosho aliyoiacha marehemu. Baba Mkubwa, kwa ukubwa wake, alichukua sehemu nono, Baba akaona amedhulumiwa, maneno yakasemwa mbele ya watu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Bibi alikuwa akiukariri msemo huo huku akijikanda mguu, kisha anaguna kwamba yeye jembe limeshamchosha, anataka kapu. Kwa hiyo lile gari halikuwa usafiri tu. Lilikuwa kitu cha kwanza mmoja kumpa mwenzake tangu ugomvi ule, na nyumbani kila mtu alilijua hilo, hata mimi. Mama alipiga marufuku kwenda nalo sokoni, akisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi siku moja mvua ilinyesha mchana kutwa, gari limesimama uani. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umepasuka kwa jua la miaka mingi, maji yakapenya, yakatambaa ndani ya kitambaa cha dari hadi katikati. Kesho yake palikuwa na doa la hudhurungi, kubwa kama sinia. Nasema kweli, mimi nililifurahia. Katikati palikuwa pamefifia lakini ukingoni pana mstari mweusi uliopinda-pinda, nikawa nauliza kila anayepita: mbona pembeni ni peusi kuliko katikati, na maji ndiyo yaliyojaa katikati? Nilikuwa mtoto wa maswali, hadi mwalimu wetu alikuwa akiniona nimenyoosha kidole anageukia ubao. Lakini Baba hakulifurahia hata kidogo. Alikaa nyuma ya usukani na mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Atasema nimemfanyia makusudi," alimwambia Mama.

Aliuziba ule mpira kwa gundi siku ileile, kisha akaanza kulifuta doa kwa namna ambayo mtu wa kwetu tu ndiye angelifuta. Juu kule uwandani kwetu, kusiko na mto, maji hayamwagwi hovyo. Tulikuwa na kisima uani kinachokinga maji ya bati, na masika yakiwa ndiyo kwanza yameanza, kina chake kilikuwa cha kusikitisha. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagilia mchicha, ya kunawia uso yalifulia soksi. Kwa hiyo Baba alichovya ncha ya kitambaa kwenye kikombe, akalipangusa doa peke yake, kwa adabu, bila kugusa sehemu isiyo na hatia. Likififia pale, kesho yake inatokea pete mpya nje yake. Anafuta pete, inazaa pete ya nje zaidi. Haikupita wiki tukawa na dari yenye mizunguko ya kukutia kizunguzungu. Siku aliyokasirika akasugua kwa brashi ya viatu, gundi ya ndani ikaanza kuachia na kitambaa kikafanya kitambi, Mama akamnyang'anya brashi. Majirani nao kila mmoja alikuja na lake, huyu ndimu, yule majivu. Baba akawa hali vizuri.

Jibu lilikuja Jumamosi, Mama akipiga pasi ya mkaa. Aliweka sare yangu mezani, akachukua maji kwa vidole, akainyunyizia yote, mgongo na mikono, wakati makunyanzi yalikuwa begani tu. Nikamuuliza kwa nini anaharibu maji. Akasema maji yetu yana vumbi la bati, ukilowesha mahali pamoja yanakimbilia pakavu, na pale yanapoishia ndipo yanapolitua vumbi lote. Lakini ukilowesha nguo nzima, hayana pa kukimbilia. Nilisimama pale na kijiko cha uji mkononi. Kumbe ndio ule ukingo mweusi! Nilitoka mbio kumwambia Baba kwamba doa tunalitengeneza wenyewe, kwa ubahili wetu wa maji.

Hakuniamini mara moja. Kulowesha dari nzima ya gari la watu, na kama yote ikiharibika? Alizunguka gari, akaingia, akatoka. Mwishowe Mama alileta ndoo nzima ya maji aliyoyachuja kwa kanga kuukuu, na kwa uhaba ule wa maji Bibi alishika kichwa. Tulikoroga sabuni ya unga hadi povu likasimama, tukachukua povu tu, tukapaka kuanzia mshono wa mbele hadi wa nyuma, mlango hadi mlango, kwa mkono mwepesi. Kisha tukapangusa na kitambaa kilichokamuliwa, tena dari yote, tukakandamiza taulo kavu, tukaacha milango wazi upepo upite. Juu ya kiti cha mbele cha kushoto palikuwa na alama ya duara iliyokolea, yenye mafuta, na ndiyo iliyotutesa kuliko zote. Baba aliirudia mpaka nayo ikatoka. Jioni dari ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani. Baba alinibeba begani, na nilikuwa mkubwa wa kutobebwa.

Bibi alipopona tulilirudisha gari Masasi, Baba na mimi. Baba Mkubwa alifungua mlango, akainua macho. Nilijua atasifu. Badala yake akapeleka mkono juu ya kiti cha kushoto, akapapasa dari.

"Hapa palikuwa na alama."

Baba akaanza kueleza habari za mvua. Baba Mkubwa akatikisa kichwa.

"Siyo ya mvua. Ni ya kichwa cha Baba."

Ndipo akasimulia. Miezi ya mwisho alikuwa akimpeleka Babu hospitali kwa gari hili. Mzee alikuwa mrefu, na kiti hakutaka kilazwe, akisema hajawa maiti bado. Nywele alizipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, na kichwa kikagusa dari safari zote zile. Tangu azikwe, hakuna aliyeruhusiwa kukiosha kitambaa kile. Baba aliketi palepale, kwenye kiti cha kushoto, akajifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze, maana wazo la kulowesha dari nzima lilitoka kwangu. Lakini Baba Mkubwa alikuwa anatazama kitu kingine: kichwa cha Baba kilikuwa kimegusa dari, mahali palepale. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Kimo chake chote umechukua wewe," alisema, "na mikorosho nayo waitaka?"

Siku hiyo walikula sahani moja. Wakati wa kuagana Baba Mkubwa alimwambia ndugu yake kwamba akija Masasi apande mbele, na apake mafuta.

Siku hizi Masasi wanaosha magari kwa pampu na dawa za kupuliza, dari inang'arishwa kabla hujamaliza soda. Mimi mwenyewe nina gari, na chupa ya dawa haikosekani kwenye mkoba wangu. Mwezi uliopita, baada ya arobaini ya Baba, nilikwenda kumsalimia Baba Mkubwa. Lile gari jeupe bado liko uani kwake, halitembei. Nilifungua mlango, harufu ikanipokea. Juu ya kiti cha kushoto kuna duara la hudhurungi, limekolea vizuri. Nilikaa chini yake nikalia. Kisha, kwa udadisi wangu uleule, nikajinyoosha kadiri nilivyoweza. Kichwa hakikufika.